Kutoka Kolwezi mpaka Kasapa

Basi yetu ilipaswa kuondoka saa kumi na moja ya asubuhi. Iliondoka saa moja. Lakini mama mwenye nilikuwa nikisindikiza alifika pale kituoni tangu saa tisa ya usiku, na feza zimefungwa ndani ya kikwembe, chini ya kikwembe kingine, na mkono juu yake. Nilimwambia: "Mama, ukishika vile, kila mtu anajua fasi feza iko." Akanijibu: "Acha bajue, Pasta. Bakitaka, bakamate na miye pamoja."

Tulikuwa watu watatu: mama huyo, mjane wa kanisa letu hapa Kolwezi, binti yake mwenye miaka 19, na mimi. Binti alikuwa amepata diploma ya Leta na asilimia 64. Tulikuwa tunamupeleka Lubumbashi, kilometa karibu 300, kumwandikisha ku iniversite. Ilikuwa mwezi wa 11, mvua zimekwisha kuanza, na mfuko wa unga wa mahindi tuliufunga katika plastiki mara mbili.

Sasa mutaniuliza: katika Kolwezi hakuna iniversite? Iko. Hata mzee mmoja wa kanisa aliniuliza neno hilo, tena kwa sauti ya ukali kidogo. Alisema: "Pasta, huku bantu bote beko banatafuta mukuba, yeye anatafuta mbuzi?" Maana binti huyu hataki masomo ya mashimo wala ya kompyuta wala ya sheria. Anataka kuwa munganga wa nyama.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, sababu nilijua jambo hilo lilitoka wapi. Mwaka wa nyuma nguruwe 11 za mama zilikufa katika juma moja. Ilikuwa ile homa ya nguruwe ambayo haina dawa. Binti alizunguka kartie nzima akitafuta munganga wa nyama na hakupata. Alipata wauza dawa watatu, na nabii mmoja mwenye alitaka kuombea nguruwe kwa feza. Kiisha mama aliuza nyama ya nguruwe mbili mbele hazijafa vizuri (Mungu atusamehe sisi tuliokula), na zile zingine alizika. Zile nguruwe ndizo zilikuwa masomo ya watoto. Binti aliniambia: "Pasta, ile siku tuliita nani? Hakukuwa muntu." Na masomo ya munganga wa nyama katika upande wetu ni Lubumbashi.

Niseme wazi kwamba nilikuwa na woga katika safari hii, na woga ule haukuwa wa barabara. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alikuja kuniomba shauri juu ya masomo. Nilimwonyesha shule moja kubwa ya kulipa ambayo ilikuwa imefunguliwa karibu. Sitataja jina lake wala mji wake. Nyumba ilikuwa nzuri, imepakwa rangi ya samawati, kibao kirefu, na mkubwa wake alivaa tai hata siku za joto. Baba ya kijana aliuza kiwanja. Katika mwaka wa tatu ndipo tulisikia kwamba shule ile haikuwa na ruhusa ya Leta, na karatasi zake wizara haiwezi kuzitia muhuri. Miaka mitatu. Kijana yule hakunitukana hata siku moja. Ananisalimia vizuri kila siku ya Mungu pale mlangoni, na hiyo njo inaniuma.

Tangu siku ile kila mzazi mwenye kuja kwangu ninamuuliza maneno mawili tu. Ulisoma kwa macho yako ile barua ya Leta inayoruhusu shule hiyo? Na wale waliomaliza zamani, diploma zao zilihakikishwa na wizara, ao wanaonyesha tu karatasi ya shule? Mwenye shule wa kweli hakasiriki mtu akiomba kuona barua. Yule mwenye kukasirika, ondokeni kwake na feza zenu.

Basi, tulitoka. Nyuma yetu tuliacha Kasulo, ile kartie ambamo tangu mwaka 2014 watu walianza kuchimba hata chini ya chumba cha kulala, kisha kuona kobalti ndani ya viwanja vyao. Kaka ya binti anatumika katika mashimo, si pale Kasulo, lakini kazi ni moja. Aliacha masomo katika mwaka wa nne wa sekondari, baba yao alipokufa. Usiku ule alikuja kituoni na taa yake bado kichwani, akatia feza katika mkono wa mama, akaenda zake. Hakusema neno. Muweke kijana huyu katika mawazo, nitamurudilia.

Barabara ya kutoka Kolwezi ni ya makamio. Makamio yenye kupeleka mbao za mukuba, makamio ya asidi, makamio mengine yamelala katika mfereji magurudumu juu. Shofere alituambia: "Bale njo benye barabara. Shiye tunalomba tu njia." Tulivuka Lualaba, tukalipa ku peaje, tukaona milima ya Fungurume imekatwa kama mkate. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, na sehemu kubwa ni kutoka pande hizi. Mama alitazama kamio moja kwa wakati mrefu, akasema: "Mali yote hii inapita mbele ya mulango, na miye niko nahesabia franga ya fotokopi."

Nilimwuliza juu ya marehemu bwana yake. Alikuwa mtumikaji wa Gécamines. Vijana wasomaji, ninyi mmekuta Gécamines ikiwa jina tu juu ya kibao. Lakini zamani za wazazi wenu kompani ilikuwa nyumba, hospitali, unga wa kila mwezi, na masomo. Mtoto wa mtumikaji alisoma bila baba yake kujua bei ya daftari. Katikati ya miaka ya 80 Gécamines ilitosha tani zaidi ya 400.000 za mukuba kwa mwaka. Mwaka 1993 na mwaka 1994 haikufika hata 50.000. Katika miaka ile ile wazazi walianza kulipa walimu wa shule za Leta kwa mkono wao, sababu mshahara wa Leta haukulisha mtu tena. Kiisha, katika 2003 na 2004, watumikaji zaidi ya 10.000 walipewa feza za mara moja na kuambiwa waende. Bwana ya mama huyu alikuwa katika hesabu ile. Alinunua kiwanja na mashini ya kusaga. Mashini ilivunjika. Kiwanja kilibaki, ndicho nguruwe zilifugwa.

Ninasema mambo haya sababu wazee wengi katika makanisa yetu wanahesabu bado na hesabu ya wakati ule. Wanaona masomo kama kitu chenye kutolewa na mkubwa fulani. Wanangojea bursi. Katika miaka ya 70 Leta ilipatia wanafunzi wengi wa iniversite bursi, chakula na kitanda; katika miaka ya 90 ile desturi ilikuwa imekwisha kufa. Na ile masomo ya bure yenye kuanza mwaka 2019 ni ya primeri. Kwa sekondari na iniversite ni mfuko wa mzazi.

Mbele ya kufika Likasi tulipita Mulungwishi. Basi haikusimama, lakini nilitoa kofia. Pale misioni ya Wamethodisti ilianza na shule, na leo kuna iniversite. Mimi mwenyewe sikusoma pale. Nilisoma shule ya Biblia, miaka mitatu, na jembe mkononi. Kila mwanafunzi mwenye bibi alipewa mistari ya mahindi kulima, na asiyelima hakula. Nilimwambia binti habari hii, akacheka: "Basi Pasta, wewe ulilipa minervali na mahindi." Ni kweli, sikufikiri hivyo mbeleni.

Likasi, mji wenye kuitwa zamani Jadotville, tulisimama kwa nusu saa kula. Ni katika mji huu Valentin Mudimbe alizaliwa mwaka 1941. Vijana wengi hawamjui. Alifundisha ku iniversite ya Lubumbashi katika miaka ya 70, kiisha alienda Marekani na kufundisha katika iniversite kubwa za kule, na vitabu vyake juu ya namna Wazungu walivyoandika Afrika vinasomwa dunia nzima. Alifariki mwaka 2025. Nilieleza hivyo kwa kijana mwenye kuketi karibu nasi, mwenye kuuza mayai. Aliniuliza: "Na nyumba yake iko fasi gani hapa Likasi?" Sikuweza kumwonyesha nyumba. Alinitazama kama mtu mwenye kudanganya.

Tulifika Lubumbashi saa nane. Ukitokea upande wetu, kwanza unaona shimeni, ile ndefu ya usine ya mukuba, na karibu yake mlima mweusi wa takataka za moto uliokusanyika tangu 1911. Binti hakuwa amekuja Lubumbashi hata mara moja. Alitazama mlima ule, akasema: "Hata huku ni uleule mukuba."

Asubuhi ya kesho yake tulikwenda Kasapa. Jina hili ni la gereza, tena ni la kampusi, na wenyeji wa mji wanachezea jambo hilo: ukisema "mutoto wangu eko Kasapa", wanakuuliza "Kasapa gani?" Barabara ina miti, majengo ni marefu, nyasi zimepita magoti katika mahali pengine. Vijana wanapita na silabusi chini ya mkono, wengine wanasoma wakitembea. Nilisikia kitu kama wivu, katika umri wangu.

Iniversite hii ilifungua milango mwaka 1956, wakati mji unaitwa Elisabethville, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa zaidi Wazungu. Katika mwaka ule ule Thomas Kanza alimaliza katika Louvain, kule Ubelgiji, na alihesabiwa Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata lisansi ya iniversite. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, katika nchi nzima wenye kumaliza iniversite hawakufika hata 30. Fikirini: nchi kubwa namna hii, na wote wangeweza kuingia ndani ya basi yetu ya Kolwezi, tena na mizigo yao. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua iniversite yao katika Kisangani. Mwaka 1971 Leta ya Mobutu ilikamata zote tatu, ya Kinshasa, ya Kisangani na ya Lubumbashi, ikazifanya moja. Mwaka 1981 ikazitenganisha tena.

Tulipita karibu na nyumba za kulala za wanafunzi, zile zinaitwa homu. Pale nilinyamaza, na mama aliniuliza sababu. Nilimweleza kwa sauti ndogo. Usiku wa tarehe 11 kwenda 12 ya mwezi wa 5, mwaka 1990, watu wenye silaha waliingia katika kampusi hii na kuua wanafunzi. Mpaka leo hesabu ya wafu haipatane. Ubelgiji ilisimamisha msaada wake kwa Zaire juu ya jambo lile. Nilikuwa mtoto wa shule ya primeri. Nakumbuka tu kwamba mjomba wangu alirudi nyumbani kwa miguu, na hakurudi tena kusoma. Mama alishika mkono wa binti. Alisema: "Na huku njo unataka nimuache?" Nilikuwa nimeharibu kazi yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Binti ndiye alijibu: "Mama, ni zamani. Nyumbani shimo linaanguka kila mwaka." Hakuna aliyesema tena mpaka tulipofika mahali pa kuandikisha.

Juu ya makaratasi sitasema mengi. Diploma ao karatasi ya kushinda, buleteni za mwaka wa tano na wa sita, karatasi ya kuzaliwa, ya mwenendo mwema, ya munganga, picha ndogo. Mzazi, fanya kopi zote nyumbani, mahali bei iko chini, na usitoe karatasi ya asili mkononi mwako bila kuandikiwa. Feza ya iniversite inalipwa ku banki, na banki inakupa karatasi. Mtu mwenye kukuambia "lete, nitakulipia" katika njia, hata akivaa koti nzuri, ni mwizi. Mmoja alitufuata karibu mita mia. Mama alimwangalia tu, na mkono juu ya kikwembe.

Mchana nilikamata daftari. Na hapa, wasomaji, ndipo ninaomba mketi vizuri, sababu hapa ndipo familia nyingi zinaanguka. Sisi wote tunaulizana: "Minervali ni ngapi?" Tunapata jibu, tunauza kitu, tunalipa, tunafanya karamu kidogo, tunapeleka mtoto. Kisha Noeli mtoto anarudi amekonda na hana neno. Nilipopiga hesabu ya mwaka mzima kwa binti huyu, minervali haikufika theluthi moja.

Ile ingine iko wapi? Iko katika kitanda. Homu hazitoshi katika kampusi nyingi za nchi yetu. Mwanafunzi mmoja tuliyemkuta chini ya mti alituambia: "Chumba ni ya bantu bane, lakini magaribi tuko tisa. Miye niko makisari." Ndivyo wanaitwa wale wenye kulala kwa kujificha katika chumba cha wengine, kama askari wa porini. Mama aliposikia chumba cha watu tisa alikataa mbele hajaulizwa. Basi tulikuwa na shauri lingine: dada ya mzee mmoja wa kanisa, mjane, anaikala Katuba. Lakini Katuba iko upande mwingine kabisa wa mji. Kutoka pale unapanda taxibasi mpaka mjini, kisha ingine mpaka Kasapa. Kwenda na kurudi ni safari 4 kwa siku, 20 kwa juma. Ukihesabu majuma 32 ya masomo, ni safari 640 katika mwaka. Nilizidisha mara mbili nikifikiri nimekosea. Bei ya safari moja ni kitu kidogo, mtoto anaweza kuomba kwa mjomba. Mara 640 inapita minervali.

Kisha silabusi, kila profesa na yake. Kisha blauzi nyeupe, mabuti, na vile visu vidogo vya kupasulia. Kisha mega za telefone, sababu leo mambo mengine yanatumwa tu huko. Kisha mishumaa ao taa, sababu stima ya Katuba inakuja kama mgeni. Na sabuni, na vitu vya kike ambavyo pasta haandiki lakini mama aliviandika. Tena si kwa mwaka mmoja. Siku hizi, tangu 2021, nchi inafuata mpango mpya: lisansi miaka 3, masta 2. Lakini unganga wa nyama unapita hapo, ni karibu miaka 6.

Jioni tulifika Katuba. Kutoka kituo mimi nilipanda moto na mfuko wa unga, wale wawili walitembea. Kijana wa moto aliona kitabu changu cha daftari, akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Nilimweleza. Akasema yeye ana lisansi ya uchumi. Nilinyamaza, sikujua nimwambie nini. Ndiye aliendelea: "Usinihurumie, Pasta. Moto ni yangu, sikope ya muntu. Na mu avenyu yetu, muntu akipewa mukataba, ananiletea mbele ya kutia sinyatire." Nikamwuliza: angekuwa na mtoto, angemupeleka? Alifikiri mpaka tulipofika. "Ningemupeleka. Lakini ningemuuliza kwanza anaenda kutafuta nini kule. Miye hakuna muntu aliniuliza." Alikataa kuongeza bei juu ya unga.

Mjane wa Katuba ni mama mfupi, mwenye kusema haraka. Alituwekea bukari na sombe, akamtazama binti kutoka kichwa mpaka miguu, akasema: "Kitanda siuzishe kwa mutoto wa kanisa. Chakula njo mutaleta. Na saa moja ya magaribi eko mu nyumba. Akipita, mulango inafungwa, hata aseme ni profesa njo alimukawisha." Mama alipumua kwa mara ya kwanza tangu Kolwezi. Ni jambo ambalo wazazi wa mabinti wanaliogopa na hawalisemi kanisani: kuna wafundishaji wenye kuuza pointi, na bei wanayotaka kwa binti si feza. Binti asiye na mtu wa kumngojea nyumbani ni mwepesi kukamatwa. Mlango wa mjane yule ulikuwa na thamani kupita bursi.

Baada ya chakula tulifungua kikwembe, tukahesabu feza mbele ya taa. Ilitosha minervali, makaratasi, na miezi mitatu. Nilisoma hesabu yote kwa sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole: "Yaya yake ataingia mara mbili. Ataingia muchana, ataingia usiku."

Binti alisimama, akatoka inje.

Wasomaji, miaka mitatu nimekuwa nikimhubiria kijana yule aache shimo. Nimekwenda kwao, nimemwambia habari ya wale waliofunikwa na udongo wakati wa mvua, nimezika wawili kwa mikono yangu. Na sasa nilikuwa nimeketi na kalamu, na katika daftari langu, kwa mwandiko wangu, kulikuwa na mstari: "Kaka – kila mwezi." Nani aliandika? Mimi. Yesu alisema juu ya mtu mwenye kutaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza na kuhesabu. Nimehubiri neno lile mara nyingi. Sikuwa nimewaza kwamba ukihesabu vizuri unaweza kukuta katika hesabu mtu, na mtu huyo yuko chini ya ardhi.

Nilitoka inje pia. Binti alisema tu: "Turudie, Pasta. Nitasoma kitu ingine ku Kolwezi, nitalala ku nyumba." Na mimi, niseme kweli, kwa familia nyingi ndilo shauri ninalolitoa. Kolwezi kuna iniversite, Likasi vilevile, kuna shule za juu za waalimu na za wauguzi. Mtoto mwenye kulala kwa mama yake anaondoa kitanda, anaondoa safari 640, anaondoa woga. Jina kubwa la mji halitibu njaa. Lakini huyu hakutaka jina la mji. Alitaka nguruwe.

Tulirudi ndani, tukaanza hesabu upya, mstari kwa mstari. Unga utatoka katika shamba la mama, mfuko mmoja kila miezi miwili, basi ya Jumatatu inaubeba. Mjane alisema kuna mwanafunzi mwingine katika avenyu, wanaweza kununua silabusi moja na kusoma wawili. Wamama wa kanisa letu wana likelemba. Mama hajakula zamu yake, ataomba iwekwe mwezi wa 2, wakati ile miezi mitatu itakuwa imekwisha. Mimi niliandika jina langu mbele ya taxi za juma moja katika kila mwezi. Ni kidogo, na bibi yangu aliisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza niliporudi, naye alikuwa na haki ya kukasirika. Mstari wa kaka ulipungua. Tuliupunguza mara tatu. "Kuingia usiku" tulikata, na mama aliapa mbele ya mjane. Lakini mstari wenyewe sikuweza kuufuta. Nilijaribu kwa kila njia, na hesabu ilikataa.

Kesho yake tulilipa ku banki. Mama alihesabu feza mara mbili mbele ya dirisha, na watu nyuma yetu walianza kupiga kelele. Alichukua karatasi, akaibusu, akanipa niitunze. Binti alibaki. Alisimama kwenye mlango wa mjane na kikwembe cha mama yake mabegani, kile cha juu, hakulia. Mama ndiye alilia, mpaka Likasi.

Tulifika Kolwezi usiku, na mvua. Kaka alikuwa kituoni. Sijui alingojea tangu saa ngapi. Nguo zake zilikuwa na udongo mwekundu uliokauka halafu ukalowa tena. Hakuuliza bei, hakuuliza kitanda wala chakula. Aliuliza: "Banamupa namba?"

Nilitoa karatasi. Alipanguza mikono yake katika shati, ikawa michafu zaidi, basi hakuishika. Aliniomba niishike mimi chini ya plastiki, akawasha ile taa ya kichwani, akainama, akaanza kusoma namba ya dada yake kwa sauti, tarakimu moja moja.